Nani Alimlaza Refa?

Tulimwacha Rula amelala kifudifudi, kichwa chini ya sofa ya marehemu, makalio hewani, tochi mdomoni. Na mbele ya pua yake kulikuwa na kiatu.

Hakikuwa kiatu cha marehemu. Marehemu alikuwa jitu, mguu wake ungejaza beseni. Hiki kilikuwa kiatu cha kike, cha wazi, cha ngozi ya kahawia, na kamba yake ya juu ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani.

Uzi wa kijani! Rula aliujua uzi ule vizuri mno. Aliushona mwenyewe, mezani kwake, kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha na mwenye kiatu alikuwa amemsimamia kichwani akisema, "Fanya upesi, baba, nina safari zangu."

Mwenye kiatu alikuwa mama mkwe wake.

"We Rula! Umeona nini huko?" Sauti ya Afande ilitoka juu kama ya mtu aliyechelewa gari.

Tochi ilikuwa mdomoni, na kwa mara ya kwanza aliishukuru.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, habari ni hii. Mzee mmoja, refa mstaafu wa mpira, mtu aliyekuwa tayari kukupa kadi nyekundu hata kwa kupiga chafya, amekutwa amekufa nyumbani kwake, ghorofa ya pili. Kalala chali kwenye zulia la sebuleni, mto chini ya kichwa, shuka juu hadi usoni. Jirani wa chini ndiye aliyeita polisi. Asubuhi alisikia fagio linafagia juu ya dari yake, halafu akasikia mwanamke analia, halafu mlango wa jikoni ukabamizwa.

Rula ni mpiga picha wa polisi, yule anayeingia mahali penye maiti kabla mtu mwingine hajagusa hata kiberiti. Jina la Rula alipewa kwa sababu hapigi picha ya kitu chochote bila kukiwekea rula pembeni. Siku ya harusi yake aliiwekea keki.

Sasa kichwa cha Rula kilianza kubishana chenyewe. Kionyeshe. Usikionyeshe. Kisukume nyuma zaidi. Kiingize kwenye ovaroli. Mama yule amekulelea watoto. Mama yule hajawahi kukuita jina baya, isipokuwa siku ulipomvunjia birika.

Lakini mikono ya Rula ilikuwa ya mtu mwingine. Wakati kichwa kinabishana, mikono ilishaweka kadi ya namba, ikaweka rula, ikapiga picha ya mbali, ikapiga ya kati, ikapiga ya karibu. Flashi ikawaka mara tatu chini ya sofa kama radi ndogo.

Rula akashtuka. Mungu wangu, nimefanya nini?

Maana picha haifutwi. Hiyo ndiyo sheria kuu ya wapiga picha wa polisi. Ukipiga kidole gumba chako kwa bahati mbaya, kinabaki. Ukipiga dari, dari inabaki. Picha zina namba zinazofuatana, na siku moja mahakamani wakili mwenye miwani atasimama aseme: kutoka hii tumerukia ile, ya katikati imeliwa na panya? Na hapo kesi nzima inaporomoka kama suruali isiyo na mkanda.

Akajitoa chini ya sofa, vumbi puani.

"Kiatu," alisema.

"Cha nani?"

"Cha kike."

"Ooo!" Huyo alikuwa Brashi, mtaalamu wa alama za vidole, aliyekuwa amepiga magoti kwenye kitasa cha mlango na unga wake mweusi. "Kumbe mzee alikuwa bado anachezesha mechi!"

"Brashi, funga mdomo, unapumulia ushahidi," alisema Afande.

Afande wa upelelezi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye hatua ndefu na subira fupi. Aliinama, akakitazama kiatu, akatabasamu. Rula hakulipenda tabasamu lile hata kidogo.

"Haya, tazameni wenyewe," Afande alisema, akihesabu kwa vidole. "Sakafu imepigwa deki, bado inanuka sabuni. Vikombe viwili vimeoshwa, vimefunikwa juu ya kitambaa. Vipande vya glasi iliyovunjika viko ndani ya pipa. Nani anamtembelea mtu, mtu anakufa, halafu anaosha vyombo?"

"Mtu msafi," alisema Brashi.

"Muuaji," alisema Afande. "Muuaji aliyefuta alama zake zote akasahau kiatu. Nikimpata mwenye kiatu, nimefunga jalada kabla sijala mchana."

Rula alihisi jasho linamshuka ndani ya ovaroli ya karatasi. Ovaroli zile hata bila dhambi zina joto.

"Naomba nitoke nje kidogo, Afande. Nimeishiwa glovu."

Glovu alikuwa nazo mfuko mzima. Alipita chini ya utepe, akashuka ngazi mpaka kwenye kona, akampigia mkewe.

"Mama yuko wapi?"

"Yupo bafuni, anaoga. Vipi, mbona unanong'ona?"

"Amerudi na viatu vingapi?"

"Umejuaje?"

"Kimoja?"

"Kimoja. Anasema kingine kimechukuliwa na mtaro."

"Hakijachukuliwa na mtaro. Kiko huku kazini. Nimekiwekea rula."

Alisikia mkewe akivuta kiti na kukaa.

"Kitoe," mkewe alisema.

"Hakitoki. Kimeshapigwa picha."

"Futa hiyo picha."

"Picha haifutwi, mama watoto."

"Usiniletee mambo yako ya mahakamani! Huyo ni mama yangu. Ulipovunjika mguu nani alikuwa anakubeba mpaka chooni? Mimi? Mimi nilikuwa na mimba. Ni yeye. Leo unataka wajukuu zake wamwone na pingu?"

"Sitaki."

"Basi kaa kimya. Sikuambii udanganye. Kaa kimya tu. Hicho kiatu hakina jina."

Na simu ikakatwa.

Rula alibaki kwenye ngazi. Kukaa kimya. Kitu chepesi kama nini! Kiatu hakina jina kweli. Kingepelekwa maabara, kingekaa ndani ya mfuko, na Afande angepita nyumba hadi nyumba akitafuta mwanamke wa mguu ule. Ingemchukua muda. Labda asingempata.

Lakini angempata, na siku hiyo Rula angeulizwa swali moja tu: uzi huu wa kijani uliushona wewe? Hapo mama mkwe angeonekana muuaji mara mbili, kwa sababu mkwe wake alimficha. Na kila picha aliyowahi kupiga Rula, kila mwizi na kila katili aliyefungwa kwa picha hizo, mawakili wangezifumua moja moja.

Akarudi juu.

Sebuleni Daktari alikuwa ameshafika. Daktari wa maiti, mzee mchangamfu, anayeongea na wafu kwa adabu kuliko anavyoongea na walio hai.

"Samahani, mzee mwenzangu," alikuwa anamwambia Refa, akivuta soksi. "Nakuvua kidogo. Ahaa. Ahaa! Rula, njoo upige hapa. Na kijiti chako."

Rula akaweka rula. Nyayo za marehemu, vifundo, miguu mpaka magotini, vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Vidole vya mikono vilevile.

"Wanangu, sikilizeni, somo la bure," alisema Daktari. "Moyo ni pampu. Pampu ikizimika, damu inafanya kama maji machafu kwenye chupa. Inatulia chini. Mtu akifa amelala chali, damu inatuama wapi?"

"Mgongoni," alisema Brashi.

"Mgongoni. Huyu bwana kalala chali, kanyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Sasa damu ya miguuni na kwenye vidole inatafuta nini?"

Afande aligeuka polepole akakitazama kiti kikubwa cha kuegemea, kile cha dirishani. "Alikufa amekaa."

"Alikufa amekaa. Akabaki amekaa saa kadhaa. Na ona magoti haya, yamegoma kunyooka sawasawa. Yalishaanza kukakamaa mtu alipomtoa kwenye kiti akamlaza hapa."

"Na huyo mtu," Afande alisema, sauti imejaa sukari, "alivua viatu ili asiache alama. Akamburuta mzee wa watu, akadeki, akaosha vikombe vyenye chochote alichomwekea, akakimbia na kiatu kimoja. Nimpate tu. Brashi, kifunge kiatu. Rula, ile picha ya karibu naitaka kwenye simu yangu sasa hivi, ikasambazwe kila kituo."

"Afande," alisema Rula.

"Sasa hivi, nimesema."

"Afande, huna haja ya kuisambaza. Mwenye kiatu namjua."

Wote wakamgeukia. Hata Refa, ungesema alikuwa anasikiliza.

"Ni mama mkwe wangu."

Brashi alianza kucheka. Akaangalia uso wa Rula, akaacha.

"Unatania," alisema Afande.

"Kamba yake niliishona mimi. Kwa uzi huo wa kijani."

Afande alimkazia macho. Halafu akafanya jambo ambalo Rula alijua atalifanya, na ndilo lililokuwa sahihi, na liliuma kama kung'olewa jino.

"Kamera mpe Brashi. Glovu vua. Toka nje ya utepe. Kuanzia sasa wewe si mtaalamu wangu, wewe ni ndugu wa mtuhumiwa. Na Rula..."

"Naam, Afande."

"Kama ungekaa kimya ningekuvua hata hilo shati la kazi."

Rula akamkabidhi Brashi kamera. Brashi aliipokea kama anapokea mtoto mchanga wa mtu mwingine.

"Inawashwa wapi hii?"

"Usiniulize, mimi ni ndugu wa mtuhumiwa," alisema Rula, akapita chini ya utepe na kusimama kwenye veranda ya ngazi, mikono haijui iende wapi.

Hakuwa amesimama hata dakika tano aliposikia vishindo ngazini. Vishindo vya mtu mzito, mwenye hasira, anayepumua kwa makusudi ili watu wajue anapanda. Kikatokea kitambaa cha kichwa. Likafuata pochi. Mwisho akatokea mama mkwe mzima, kwenye mguu wa kulia kiatu cha kahawia, kwenye mguu wa kushoto raba ya mjukuu wake, kisigino kimekanyagwa.

"Mama!" Rula alinong'ona. "Umefuata nini huku?"

"Nimefuata kiatu changu."

"Mama, rudi nyumbani."

"Nirudi niwe mwizi? Binti yangu nimemsikia kwenye simu, nikiwa na sabuni masikioni. Eti nifichwe. Umri huu nifichwe! Nisogezee hiyo kamba."

"Siyo kamba, mama, ni utepe wa polisi, hauruhusiwi..."

"Nani huyo?" Afande alitokea mlangoni.

"Ndiye mimi," alisema mama mkwe, akijinyoosha. "Mwenye kiatu. Sakafu nimedeki mimi. Vyombo nimeosha mimi. Glasi nimezoa mimi, na imenikata, kidole hiki hapa. Mnataka nini kingine?"

Afande alimtazama kama mtu aliyeokota pochi barabarani. "Mama, unajua unachosema?"

"Najua kuliko wewe. Yule mtu maisha yake yote soksi zake zilikuwa zimenyooshwa mpaka magotini. Leo aingie kila mpita njia amkute kwenye chumba chenye vioo sakafuni, na vikombe vya juzi vina ukungu? Nimemwambia mara ngapi asiache vyombo! Mara ngapi!"

Na hapo sauti yake ikapasuka. Alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, upesi, kana kwamba anamfukuza nzi.

Rula alikuwa amefungua mdomo. "Mama... wewe na Refa?"

"Tulikuwa tunataka kuoana," alisema mama mkwe. "Nilikuwa nikutume wewe ukamwambie mke wako. Wewe ni mwoga, lakini yeye anakusikiliza. Kila nikitaka kukwambia unapima kitu."

Kutoka ndani Brashi alisema taratibu, "Pole sana, mama."

"Ahsante, mwanangu. Na wewe nawa hiyo mikono, umekuwa mweusi kama sufuria."

Lakini Afande hakuwa mtu wa kulainishwa na machozi. Kazi yake ingekuwa rahisi sana kama waongo wasingejua kulia.

"Kwa hiyo ulikuja, ukamkuta amekufa kwenye kiti, ukamlaza, ukamfunika, ukadeki."

"Nimlaze? Nilimkuta amelala."

"Mama."

"Nilimkuta amelala, hapohapo, na mto wake kichwani. Mlango umerudishiwa tu, haukufungwa. Mimi nimeongeza shuka. Nikavua viatu nisikanyage nilipodeki, fagio likakipiga kimoja sijui kikaenda wapi, mara nasikia jirani anagonga. Nikaona haya. Mjane mzima, asubuhi asubuhi, kwa mwanamume! Nikatokea jikoni, nikashuka ngazi za nyuma."

"Daktari anasema alikufa amekaa, na kuna mtu alimlaza. Kwenye chumba hiki tuna alama zako wewe tu. Nyingine zote umezidumbukiza kwenye ndoo." Afande alichomoa pingu kiunoni, zikalia. "Kwa hiyo mama, ama unaniambia ukweli hapa, ama unaniambia kituoni."

Rula alizitazama zile pingu. Aliutazama mkono wa mama mkwe, wenye kidonda kibichi cha glasi. Hakuruhusiwa kugusa kitu. Hakuruhusiwa kuvuka utepe. Mdomo tu ndio haukuwa umefungwa.

"Daktari!" aliita. "Umeshamgeuza?"

"Rula, wewe huna kazi hapa!" alifoka Afande.

"Sifanyi kazi, nauliza kama ndugu wa mtuhumiwa tu. Umeshautazama mgongo?"

"Bado," alisema Daktari. "Nilinogewa na miguu. Brashi, shika bega. Samahani tena, mzee mwenzangu, mara hii upande."

Shati likapandishwa. Daktari akapiga mluzi.

"Afande, njoo uone. Lipo doa la pili."

Na kweli lilikuwepo. Mgongo mzima wa marehemu ulikuwa na wekundu mwepesi, kama mtu aliyelala kwenye mkeka mpya, isipokuwa pale mabega yalipokandamiza zulia, pamebaki peupe.

"Maana yake?" aliuliza Afande.

"Damu yake ilituama mara mbili. Kwanza miguuni, alipokuwa kitini. Kabla haijamaliza kuganda, akalazwa, na ile iliyobaki ikateremkia mgongoni. Hiyo haitokei kwa kulazwa asubuhi hii, binti yangu. Amelala hapa saa nyingi. Alikufa jana alasiri, akalazwa usiku. Katikati ya usiku, kama unataka nikadirie."

Afande alimgeukia mama mkwe. "Jana usiku ulikuwa wapi?"

Mama mkwe, aliyekuwa ameongea bila kupumua tangu apande ngazi, akainamia pochi yake.

"Alilala kwa shoga yake," Rula alisema haraka. "Aliaga nyumbani. Mimi nilikuwa zamu maabara, lakini mke wangu ndivyo alivyoniambia."

"Sikulala kwa shoga yangu," alisema mama mkwe.

Rula alihisi ngazi zinasogea chini yake.

"Nilidanganya. Tangu jana alasiri nampigia Refa simu hapokei. Kuja hapa usiku niliona aibu, majirani wana macho. Nikaenda kutoa taarifa."

"Taarifa wapi?" aliuliza Afande.

"Kwako."

"Kwangu?"

"Kituoni kwako. Kaunta. Jua linazama nimefika, jua linachomoza nimeondoka. Nikamwambia kijana wako, kuna mtu hapokei simu, nendeni mkamtazame. Akaniambia mtu mzima hapotei jioni moja, bibi, nenda kalale. Nikamwambia siendi. Nikakaa kwenye benchi. Akazima taa, nikaiwasha. Akanipa chai, nikamrudishia, haikuwa na sukari. Alfajiri ndipo nikasema, basi, nitakwenda mwenyewe na aibu yangu."

Afande alitoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Kaunta? Usiku kulikuwa na mama mmoja hapo..."

Ilisikika mpaka kwenye ngazi, sauti ya kijana aliyekesha: "Yule mama? Amerudi? Afande, nakuomba, kwa heshima zote, usimrudishe huku!"

Brashi aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari alikohoa kwa muda mrefu kuliko haja. Hata Afande aliuma mdomo wake. Halafu akakumbuka kwamba mtu alikuja kituoni kwake kuomba msaada akapewa benchi, na uso wake ukabadilika.

Zile pingu zikarudi kiunoni.

"Mama," alisema polepole, "samahani. Kuhusu kaunta, samahani sana. Huyo kijana nitamshughulikia."

"Mfundishe kuchemsha chai," alisema mama mkwe. "Kiatu changu je?"

"Kiatu kitakaa kidogo."

Rula alijiegemeza ukutani, akapumua kama mtu aliyetoka kwenye maji. Amesema kweli, na kweli haikumla. Laiti mambo ya dunia yangekuwa yanaishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningelala mapema.

"Kitu kimoja kinanisumbua," alisema Daktari, akiwa amechuchumaa miguuni kwa marehemu. "Soksi. Visigino vya soksi ni safi, havijasuguka. Na zulia halijakunjamana. Huyu bwana hakuburutwa. Alibebwa. Jitu kama hili halibebwi na mtu mmoja, hata awe mchukuzi wa magunia. Walikuwa wawili. Mmoja miguuni, mmoja mabegani."

"Na wakamwekea mto," alisema Afande, akifikiri. "Wauaji gani wanamwekea mtu mto?"

Mama mkwe hakuwa anasikiliza hayo. Alikuwa ameshanyoosha kiganja kwa Rula. "Nipe simu nimtulize binti yangu. Nimemwacha analia."

Rula akapiga, akampa. Na mama mkwe, kama kawaida yake, akaishika simu mbele ya mdomo kama kioo, akabonyeza spika, akapaza sauti ili mtandao umsikie vizuri.

"Mwanangu! Nyamaza kulia, nimeachiwa! Mume wako amesema kila kitu na hakuna kilichoharibika. Wameona si mimi. Sasa wanamtafuta aliyemlaza Refa kwenye zulia usiku!"

Akaikung'uta simu kwa kiganja.

"Mwanangu? Unanisikia?"

"Mama," alisema mke wa Rula, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nisamehe, mama. Alikuwa anateleza kwenye kile kiti. Angeanguka na uso. Nilishindwa kumwacha vile."

Brashi akashusha kamera. Afande alipita chini ya utepe bila kutoa sauti, akasimama pembeni kabisa ya Rula, akaitazama ile simu kama mtu anavyotazama nyoka.

Rula alimtazama Daktari. Daktari aliinua vidole viwili.

Rula akaichukua simu kwa upole kutoka kwa mama mkwe wake. Alipoongea, sauti ilikuwa ileile ya kazini, ile ya kuuliza namba ya kadi.

"Mama watoto. Ulishika wapi?"

"Nini?"

"Mlipombeba. Wewe ulishika wapi?"

"Miguu," mkewe alisema, analia.

"Na mabegani alishika nani?"

Simu ikakatwa.